Mumeo, Wewe na Santuri Zilizochakaa

Jamani, hivi mwenzako akirudi nyumbani na kisahani cheusi kilichojaa mikwaruzo, lebo nyeupe isiyo na jina, halafu ugundue kimemeza pesa ya Luku na ya mboga ya wiki nzima, utafanyaje?

Mimi niliwaka! Mume wangu anakusanya santuri za zamani za Jamaika, zile ndogo za inchi 7 zenye tundu kubwa katikati. Kadiri wimbo usivyojulikana, ndivyo anavyozidi kudata. Tatizo langu halikuwa muziki. Bei aliificha.

Hasira zilipopoa nikamwambia: haya, nieleze, kuna nini humo?

Kwa nini zimechakaa?
Santuri hizi zilikuwa za kazi. Kingston, watu walicheza nje, mbele ya mitambo mikubwa ya muziki, na kisahani kilichopendwa kilipigwa usiku kucha. Nyingi zilitoka nakala chache tu, na uchapaji wake haukuwa makini. Ndiyo maana nzima ni adimu.

Lebo tupu je?
Hapo kuna visa! Miaka ya 1950 Coxsone Dodd alifuta lebo za santuri za Marekani ili mpinzani wake, Duke Reid, asijue anapiga nini. Mmoja aliubatiza "Coxsone Hop", kumbe ni "Later for the Gator" wa Willis Jackson. Reid akaugundua, akaupiga kwenye mtambo wake. Siri kwisha! Baadaye hata nyimbo za Jamaika kwenyewe ziliuzwa na lebo nyeupe kabla ya lebo rasmi kuchapwa.

Geuza upande wa pili
Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, upande wa pili mara nyingi ni "version": wimbo uleule, mwimbaji kaondolewa, besi na ngoma zimebaki. King Tubby ndiye fundi aliyeufanya mchezo huo kuwa sanaa, wakauita dub. Kwa kweli, hapo ndipo nami nilipokamatwa.

Kabla hamjanunua
- Iangalieni kwenye mwanga. Mikwaruzo ya juujuu hutoa kelele kama mafuta ya kukaangia. Ule unaonasa ukucha unaweza kurusha sindano.
- Someni namba na herufi zilizochongwa karibu na lebo. Husaidia kuitambua santuri isiyo na jina.
- Sikilizeni pande zote mbili, mpaka mwisho.
- Kubalianeni kiasi cha mwezi. Kikiisha, kimeisha.

Hilo la mwisho ndilo lililotuokoa. Mapenzi yanavumilia kelele za sindano, hayavumilii risiti iliyofichwa mfukoni. Mwenzako akipenda kitu, kaa naye ukisikilize. Na wewe unayekipenda, usimfanye mwenzako akigundue kama Reid.

Juzi kaja na kingine, kimechakaa kuliko vyote. Safari hii bei aliitaja mlangoni, hata kabla ya salamu.