Bibi Hakurogwa, Ni Presha

Hebu fikiria. Umerudi kutoka shule, njaa inakuuma, bibi yuko kibarazani anachambua mchele. Anakuuliza, "Umekula?" Unamjibu bado. Unaingia ndani kubadilisha nguo, ukitoka anakuuliza tena, "Umekula?" Na mara ya tatu. Mdogo wako anacheka, na wewe unacheka. Bibi kazeeka, basi.

Wiki chache baadaye anatia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Siku nyingine anakwenda kwa jirani, njia aliyoipita miaka 40, na anarudishwa na mtoto wa watu baada ya magharibi. Halafu asubuhi moja mnamkuta kitandani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki, anataka kusema lakini maneno hayatoki. Nyumba nzima inachemka. Shangazi anasema ni upepo mbaya. Mjomba anasema hapa kuna mkono wa mtu. Mama anataka apelekwe hospitali lakini hakuna anayemsikiliza. Wewe una miaka 16. Utasema nini?

Usimcheke shangazi. Watafiti waliowahi kuzungumza na watu kuhusu kiharusi walikuta Dar es Salaam mapepo na uchawi vikitajwa sana, wakati kule Hai, vijijini Kilimanjaro, watu walitaja zaidi presha na mawazo. Ajabu, eh? Tumezoea kudhani watu wa mjini ndio wanaojua. Kwa hiyo tuanze mwanzo kabisa, ndani ya kichwa.

Ubongo wako una uzito wa kilo moja na ushee tu, lakini unakula karibu sehemu moja kati ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo ukiwa umetulia. Na hauna ghala. Tumbo likikosa chakula siku nzima utaishi. Ubongo ukikosa damu dakika chache, unaanza kufa pale ilipokosekana. Damu hiyo inapita kwenye mishipa mikubwa inayopanda shingoni, halafu inagawanyika na kugawanyika tena hadi inakuwa mishipa myembamba kuliko uzi wa kushonea.

Sasa chukua mpira wa kumwagilia bustani. Fungua bomba kwa nguvu zote, uache hivyo usiku na mchana, miaka 20. Mpira utakakamaa, kwingine utavimba, kwingine utachanika. Ndivyo presha ya juu inavyofanya mishipa. Kisukari na sigara vinasaidia kuiharibu. Mshipa ukizibwa na damu iliyoganda, au ukipasuka, sehemu ya ubongo inayoutegemea inaharibika. Hicho ndicho kiharusi. Kama sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa inaongoza mkono wa kulia, mkono utalegea. Kama ni ya maneno, maneno yatapotea, ingawa mgonjwa anaweza kuwa anawasikia na kuwaelewa vizuri tu. Kwa hiyo msimjadili kama hayupo.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Si kila mshipa ukiziba mtu huanguka. Ile mishipa myembamba ya ndani ikiziba mmoja mmoja, bibi anaweza asisikie chochote. Hakuna maumivu, hakuna kupooza. Kijitundu kidogo hapa, kingine pale, mwaka huu na mwaka ujao. Waya zinazounganisha sehemu za ubongo zinakatika polepole. Anaanza kuwa mzito wa kufikiri, hawezi kupanga mambo aliyoyapanga maisha yake yote, hatua zake zinakuwa fupi, anakasirika au ananyamaza. Mara nyingi anashuka kama mtu anayeteremka ngazi: anakaa sawa miezi kadhaa, halafu ghafla anashuka kidato kimoja. Huu ni ugonjwa, unaitwa demensia ya mishipa. Ipo na aina nyingine, iitwayo Alzheimer, ambayo huja taratibu zaidi, na wazee wengi wanakuwa na zote mbili pamoja. Kwa hiyo yale maswali ya "Umekula?" na ile chumvi kwenye chai huenda vilikuwa barua zilizotangulia. Hatukuzisoma.

Hili ni letu, si la Wazungu. Kati ya mwaka 2003 na 2006 wataalamu walihesabu viharusi vipya Hai na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipata karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar walipata zaidi ya 300, kiwango kinachozidi cha nchi nyingi tajiri. Hukohuko Hai, kati ya wazee 10 wa miaka 70 na zaidi waliopimwa, karibu 7 walikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wanajua. Hawakujua kwa sababu presha haina kelele. Unaweza kuwa nayo huku unalima, unacheza ngoma, unatania wajukuu.

Wakubwa nao hawakupona. Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, alikuwa na madaktari wa kumtosha. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kichwa kinamuuma, akapoteza fahamu, na presha yake ilipopimwa ilikuwa 300 kwa 190. (Siku hizi ikifika 140 kwa 90 na kubaki hapo, unaambiwa ni ya juu.) Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani, akafa siku hiyohiyo. Wakati ule dawa za maana zilikuwa hazijapatikana. Leo zipo, na nyingine ni za bei nafuu kabisa. Bibi yako ana nafasi ambayo rais yule hakuwa nayo.

Tatizo ni kuzimeza. Babu yangu mimi alipewa vidonge, akavimeza mwezi mmoja, akapimwa akaambiwa presha imeshuka. Akafurahi, akaacha. "Nimepona," alisema. Tangu hapo alikuwa anameza kimoja siku kichwa kikimuuma, kama Panadol. Hakuna aliyemweleza kwamba presha ilishuka kwa sababu ya dawa, na dawa ikiisha mwilini inapanda tena. Miaka miwili baadaye alianguka akienda msalani. Aliishi, lakini jina langu hakulipata tena. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa dukani kununua vile vidonge, na siku aliyoacha kunituma sikuuliza kwa nini.

Basi wewe uliza. Bibi ana kadi ya kliniki? Vidonge vimebaki vingapi? Alipimwa lini mara ya mwisho? Mpeleke zahanati, akapimwe akiwa amekaa, ametulia. Na angalieni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu ya kwenye mboga, ya samaki waliokaushwa, ya vile vidonge vya mchuzi vya dukani, na ile unayonyunyiza kwenye chipsi. Wengi tunavuka mpaka huo kabla ya chakula cha jioni.

Sasa turudi kitandani kwa bibi. Mwambie atabasamu: je, upande mmoja wa mdomo umeshuka? Mwambie ainue mikono yote miwili: je, mmoja unaanguka? Mwambie aseme sentensi fupi: je, maneno yanakokota au hayana maana? Ukiona hata moja, na limekuja ghafla, angalia saa, kumbuka mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi, mtafuteni gari. Kama ni damu iliyoganda, kuna dawa ya kuiyeyusha, lakini inatakiwa ndani ya saa nne na nusu, na ni lazima kwanza apigwe picha ya kichwa kujua kama mshipa umeziba au umepasuka. Ndiyo maana usimpe aspirini nyumbani: kama umepasuka, utazidisha kuvuja. Usimpe vidonge vya presha vya jirani. Usimpe maji wala uji, anaweza kupaliwa vikaingia mapafuni. Mlaze ubavu.

Najua, picha hiyo haiko kila hospitali, na dawa hiyo ni ya wachache. Mpelekeni hata hivyo. Watampima sukari, maana sukari ikishuka sana inaweza kufanana na kiharusi na hiyo inatibika palepale. Watamsaidia kula bila kupaliwa, wataanza kumnyoosha viungo. Na msidhani ni ugonjwa wa wazee tu. Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata kiharusi hata kabla hajamaliza shule ya msingi.

Kama bibi amebaki na kusahau, usimpe mtihani. "Bibi, mimi nani?" mbele ya wageni ni kumuaibisha. Mwambie, "Shikamoo bibi, ni mimi Asha, mtoto wa Halima." Weka fimbo yake na kanga yake mahali palepale kila siku. Acha taa kidogo usiku. Mpe kazi anayoiweza, achambue ule mchele, hata kama utauchambua tena. Akitoka usiku na kutangatanga, waambie majirani mapema na waziwazi kwamba anaumwa kichwa, ni mishipa. Msione aibu. Huko Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Bibi anayezunguka nje usiku wa manane akiongea peke yake, kati ya watu wasioelewa, yuko hatarini kweli.

Na kama wewe ndiye binti aliyeambiwa aache shule amlinde bibi, usikae kimya. Mwambie mwalimu, mwambie mjumbe. Wajukuu wa kiume nao wana mikono. Zamu ya asubuhi inaweza kuwa yao.