Ukarimu Usiomdhuru Mgeni: Sukari, Chumvi na Meza za Familia Zetu



Katika parokia nyingi za Tanzania, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hukutana nyumbani kwa wanajumuiya kwa zamu, na ni nadra mgeni kuondoka bila kuwekewa kitu mezani. Desturi hiyo ni njema na haihitaji kutetewa. Hata hivyo, tukitazame kile kinachowekwa. Kwa mgeni wa heshima, awe padre, katekista au mzee wa kanisa, heshima yenyewe siku hizi imechukua sura ya soda. Mwenyeji aliyeandaa maji matupu huona aibu, hata atamtuma mtoto dukani kukopa chupa mbili. Naye mgonjwa wa kisukari aliyeketi pale hubanwa pande mbili: ama anywe na kuumia, ama akatae na kudhaniwa ana majivuno. Wengi hunywa.

Chupa ya soda ya mililita 350 hubeba takriban gramu 35 za sukari, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ambayo mwili hupata kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, na ingefaa zaidi ibaki chini ya 25. Anayetembelea kaya tatu alasiri moja na kupokea soda katika kila kaya amekwisha kupita kiwango hicho mara mbili, kabla hatujahesabu chai ya asubuhi. (Sisi mapadre tunalifahamu jambo hili vizuri kuliko tunavyopenda kukiri.)

Sukari ya kinywaji huingia katika damu upesi, kwa kuwa hakuna nyuzinyuzi za kuichelewesha. Kongosho hulazimika kutoa homoni ya insulini ili kuiingiza sukari hiyo katika chembe hai za mwili. Kwa mtu mwenye unene uliopindukia na asiyeushughulisha mwili, chembe hizo huanza kuipuuza insulini. Kongosho hujitahidi kwa miaka, kisha huelemewa. Ndivyo aina ya pili ya kisukari inavyojijenga polepole, bila maumivu, hata mtu aje kugundulika akiwa tayari na kidonda cha mguu kisichopona au macho yaliyofifia. Shinikizo la damu nalo huenda kimyakimya vivyo hivyo. Mara nyingi familia hulijua siku ya kiharusi, na padre huitwa kutoa Mpako wa Wagonjwa kwa baba wa miaka hamsini ambaye hakuwahi kupimwa hata mara moja.

Hapo ndipo chumvi inapohusika, kwa maana huvuta maji na kuyabakiza mwilini, na hivyo kuongeza shinikizo katika mishipa. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikiwa ni pamoja na ile iliyokwisha kutiwa jikoni na ile iliyofichika katika mkate na viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi. Kopo la chumvi likiondolewa mezani na kurudishwa jikoni, ulimi huzoea baada ya majuma machache. Ndimu, kitunguu saumu na tangawizi husaidia sana katika majuma hayo.

Kuhusu ugali, tusiulaumu bure. Tatizo ni kwamba sembe nyeupe tunayoisifu imeondolewa pumba na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na sehemu kubwa ya madini. Dona huvihifadhi vyote. Ila dona huharibika mapema kwa sababu ya mafuta ya kiini, kwa hiyo isagwe kidogo kidogo. Tena mahindi yake yawe yamekauka vizuri na kuchambuliwa, kwani kukoboa hupunguza sumukuvu na dona hairuhusu punguzo hilo. Si jambo la nadharia: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ugali wa dona kwa maharage ni mlo wa busara, maana protini za mahindi na za maharage hukamilishana. Kinachokosekana ni mboga. Mchicha, matembele na kisamvu tumevifanya kitoweo cha kulainishia tonge, ilhali mboga na matunda vingestahili nusu ya sahani. Papai au chungwa likiliwa pamoja na mboga za majani huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma, na chai ya rangi inayonywewa papo hapo huuzuia. Basi chai isubiri saa moja hivi.

Je, haya yanahusu imani? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288 hadi 2290, huutaja uhai na afya kuwa zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, huonya dhidi ya kuuabudu mwili, na huiweka fadhila ya kiasi mbele ya matumizi mabaya ya chakula, pombe, tumbaku na dawa. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akiufafanua ulafi, hakutazama wingi pekee: alihesabu pia kula kabla ya wakati, kwa pupa, na kutaka vyakula vya gharama au vya kuandaliwa kwa madaha mno. Kwa kipimo hicho, mtu mwembamba aweza kuwa mlafi, na mnene asiwe.

Neno moja kuhusu Kwaresima, kwani kila mwaka wapo wagonjwa wanaojihatarisha kwa nia njema. Kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa huwafunga kwa wajibu wa kufunga waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, na mgonjwa ambaye kufunga kungemdhuru habanwi na wajibu huo. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akikaa bila chakula aweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na kupoteza fahamu. Amwone daktari kabla ya Jumatano ya Majivu, asiache dawa, kisha azungumze na paroko wake juu ya tendo jingine la toba. Na mwenyeji wa jumuiya juma hili aweke jagi la maji na matunda yaliyokatwa kwa wote, padre akiwamo, ili mgonjwa asilazimike kujieleza.