Basi Likikosa Abiria, Mgonjwa Hukosa Dawa

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda mkashangaa kulikuta katika ukurasa wa afya, nalo ni basi. Sisi wauguzi kila siku ya kliniki tunazo kadi mbele yetu, tukiangalia nani amefika na nani hakufika. Mara nyingi asiyefika si mzembe. Amekosa usafiri.

Tunamkumbuka mama mmoja aliyekuwa akitumia dawa za kifua kikuu. Miezi miwili ya mwanzo alifika vizuri, kisha akapotea. Mhudumu wa afya alipomfuata alimkuta na kadi yake, ameitunza safi. Gari lililokuwa likipita kijijini kwao kila asubuhi lilikuwa limeacha kuja, na bodaboda ya kwenda na kurudi ilimshinda. Kwa kawaida dawa hizo hutumiwa miezi sita bila kukatiza. Anayekatiza huvipa vijidudu nafasi ya kuzoea dawa, na tiba inayofuata huwa ngumu zaidi. Mama huyo alirudi kwenye dawa, lakini alikuwa amekwisha kuanza kukohoa tena, na nyumbani ana watoto.

Kwa nini gari huacha kuja?

Tuchukue mfano. Basi la viti 25 linakwenda kijijini kila siku na kupata watu wanne. Nauli ya watu wanne hailipi mafuta. Mwenye gari hupunguza safari, leo anakuja, kesho haji. Watu wakisimama barabarani asubuhi mbili bila kuliona, huacha kulitegemea. Abiria hupungua tena, na mwishowe gari hukoma kabisa. Tusimlaumu mwenye gari peke yake. Kasoro ni mpango wenyewe: gari kubwa, kila siku, kwa watu wachache wanaoishi mbalimbali.

Wengine wamefanyaje?

Huko Uholanzi, tangu mwaka 1977, yapo mabasi madogo ya vijijini yanayoendeshwa na wakazi wenyewe kwa kujitolea. Hubeba abiria 8 tu, kwa sababu dereva mwenye leseni ya kawaida haruhusiwa kuzidisha hapo. Kwa njia hiyo mshahara wa dereva, ambao ni gharama kubwa, huondoka.

Katika eneo la Lincolnshire, Uingereza, basi kubwa hupita barabara kuu kwa saa zinazojulikana. Vijijini huenda basi dogo, nalo hufuata wale tu walioagiza mapema kwa simu, likawafikisha kwenye basi kubwa. Asipoagiza mtu, gari halizunguki bure.

Lakini tujifunze pia kwa walioshindwa. Mwaka 2012 mjini Helsinki, Finland, yalianzishwa mabasi madogo ya kuitwa kwa simu. Watu waliyapenda, ila kila safari iligharimu fedha nyingi za umma, na mwisho wa mwaka 2015 yakafungwa. Kadiri gari linavyomfuata kila mtu mahali pake na kwa saa yake, ndivyo gharama inavyopanda. Ni lazima watu wakusanyike kidogo.

Hapa kwetu Tanzania tunao mpango wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022. Mama mjamzito au aliyejifungua akipata shida, au mtoto mchanga akizidiwa, mtu hupiga namba 115 bila malipo. Kama gari la wagonjwa haliko karibu, huitwa dereva wa jamii aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa simu. Magari yaliyokuwapo vijijini yamepewa utaratibu, na maisha yanaokolewa. Ila mpango huo ni wa dharura. Mgonjwa wa kisukari, wa shinikizo la damu au wa kifua kikuu anayefuata dawa zake bado anahitaji usafiri wa kawaida.

Tufanye nini kigangoni kwetu?

1. Jumuiya zihesabu watu: nani husafiri, kwenda wapi, na kwa siku gani.

2. Chagueni siku moja au mbili kwa juma. Siku ya kliniki ikiwa pia ya mnada, wagonjwa na wafanyabiashara watajaza gari moja.

3. Awepo mtu mmoja wa kupokea majina hadi jioni ya siku iliyotangulia. Ndiye atakayempigia mwenye gari, naye ataleta gari linalolingana na idadi.

4. Wekeni vituo vichache vya kukutania. Gari liache njia kwa ajili ya wasioweza kutembea tu: mzee, mlemavu, mama aliyekaribia kujifungua.

5. Gari liwe na leseni ya LATRA ya kubeba abiria, na bima hai. Mizigo isiwakalie watu.

6. Patana na mwenye gari kiasi cha chini atakachopata kwa safari. Nauli zikipungua, mfuko mdogo wa jumuiya ufidie. Gari lije kila siku iliyoahidiwa kwa miezi mitatu ya mwanzo, hata kwa watu watano, mpaka watu waliamini. Baada ya hapo mtazame hesabu na kurekebisha.

Nasi wa hospitali tunayo sehemu yetu. Kwa miaka mingi tumeandika tarehe za kurudi kwa kufuata foleni tu, hata majirani wawili wa kijiji kimoja tukawapa siku tofauti. Kwa kufanya hivyo tumewatawanya abiria sisi wenyewe. Inafaa wa kijiji kimoja wapewe siku moja, na wahudumiwe mapema ili gari lisiwaache. Ukipewa tarehe isiyolingana na usafiri wa kwenu, usinyamaze. Mwambie muuguzi palepale, abadilishe kabla dawa zako hazijaisha.

Tahadhari moja. Mjamzito anayetokwa damu, anayeumwa kichwa vikali, aliyevimba uso, aliyepata degedege au aliyevunja chupa, asingoje siku ya basi. Vivyo hivyo mtoto asiyeweza kunyonya au anayepumua kwa shida. Kwa mama na mtoto mchanga pigeni 115 mara moja. Kwa mwingine yeyote tafuteni gari lo lote lililo karibu.

Mama yule alimaliza miezi yake sita. Alikuja kwa gari la siku ya mnada, pamoja na wenzake watano wa kijiji chake ambao sasa tarehe zao zinalingana.