Tule Nini Embu na Meru?

Chuo Kikuu cha Chuka na cha Meru vilipata hati zao mwaka 2013, na cha Embu mwaka 2016. Tangu hapo wazazi wengi wa Pwani wameijua barabara ipitayo mashariki ya Mlima Kenya, wakimsindikiza kijana na godoro lake, ndoo na kikapu cha mahamri. Mahamri, kama tujuavyo, huisha kabla ya Thika. Hapo ndipo huja swali: tule nini?

Wako wanaoshinda na njaa kutwa nzima kwa hofu, na wako wanaokula lolote lililoletwa mezani. Sisi hatuoni haja ya yote mawili.

Chakula cha asili cha nchi ile kwa sehemu kubwa hutoka shambani. Githeri ni mahindi na maharage, ndugu wa pure yetu. Mukimo ni viazi, mahindi na majani ya maboga vilivyopondwa pamoja. Kwa Wameru mara nyingi huingia na ndizi mbichi. Kabla ya kufika Embu utapita mashamba ya Mwea, unakotoka mchele wa pishori tunaoupikia pilau, na sahani ya wali na maharage haikosi hapo. Uliza tu kama sufuria imetiwa mifupa au supu.

Kwenye nyama ndipo pa kutua na kufikiri. Machinjio mengi ya mijini nchini mwetu yana desturi ya kuajiri mchinjaji Mwislamu, ili nyama iuzwe kwa watu wote. Hivyo ng'ombe na mbuzi wa bucha ya mjini huwa na afueni. Kuku ni jambo jingine: huyo aghalabu huchinjwa nyuma ya jiko, na yeyote aliyeshika kisu. Mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu na kuchomwa kando ya barabara jioni, hauna mjadala kwetu, ijapokuwa harufu yake huita kutoka mbali. Chipsi nazo huonekana safi, lakini mafuta yake huenda yamekaangiwa soseji za nguruwe.

Kuuliza si matusi. Mwambie mwenye hoteli kwa upole: "Mama, samahani, kuku huyu kachinjwa na nani?" Atakueleza, na akisita, agiza maharage na chapati.

Kijana atakayebaki huko miaka minne anahitaji zaidi ya mlo mmoja. Mzazi asirudi kabla ya kumpeleka msikitini, kwani Embu na Meru mjini misikiti ipo, akawaulize wenyeji wanakula wapi wao na watoto wao, na bucha wanayonunua ni ipi. Amnunulie pia sufuria moja na jiko dogo, ikiwa makazi yanaruhusu. Parachichi na ndizi atazikuta sokoni. Nazi ndiyo ya kumfungia kutoka nyumbani.