SOMO LA LEO: BARABARA MOJA, SHERIA MBILI

Shikeni kalamu zenu. Leo tutaona jinsi sheria inavyoweza kumfikisha mgonjwa kwenye matibabu, au kumzuia.

Marekani ina majimbo 50. Kila jimbo lina bunge lake, nalo hutunga sheria nyingi za matibabu. Sasa tazameni Kansas City. Kwa kweli hiyo ni miji miwili iliyoshikana: mmoja katika jimbo la Missouri, wa pili katika jimbo la Kansas. Mahali pengine mpaka wao ni barabara tu. Ukivuka barabara, umebadili sheria.

Kwanza, nani hulipiwa matibabu? Mwaka 1965 Rais Johnson alitia sahihi sheria iliyoanzisha Medicaid, mpango wa kuwalipia maskini matibabu. Gharama hugawanywa kati ya serikali kuu na jimbo. Sheria ya mwaka 2010 ilitaka watu wazima wengi zaidi waingizwe. Lakini mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kila jimbo lijichagulie. Missouri ilikubali mwaka 2020. Kansas, hadi mwaka 2025, ilikuwa bado haijakubali.

Fikirini mfagiaji wa miaka 40. Hana mtoto, si mlemavu, na mshahara wake ni mdogo sana. Sasa ameshikwa na kisukari. Akikaa Missouri, anaweza kulipiwa. Akikaa ng'ambo ya barabara, mpango huo haumchukui. Ugonjwa ni ule ule, na umaskini ni ule ule.

Pili, nani huandika dawa? Hapa mambo yamegeuka. Tangu mwaka 2022, Kansas humruhusu muuguzi mwenye mafunzo ya juu kuandika dawa bila mkataba na daktari. Missouri hutaka mkataba wa maandishi. Mahali penye madaktari wachache, jambo hilo ni kubwa.

Tatu, leseni. Daktari wa Missouri akitaka kufungua chumba cha matibabu Kansas, hana budi kupata leseni ya Kansas pia. Leseni humkinga mgonjwa na matapeli.

Je, Missouri ilikubalije? Wananchi wenyewe walikusanya sahihi, swali likaandikwa katika karatasi ya kura, wakalisoma, wakalijibu. Basi msidhani sheria ni ya wakubwa tu. Anayejua kusoma huweza kuiuliza maswali.

MASWALI
1. Medicaid ni nini?
2. Kwa nini mfagiaji wa Kansas halipiwi?
3. Leseni ya daktari ina faida gani?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.