Katuni za Kijapani (4): Tumepima Sketi, Hatukupima Kazi

Machi 8, 2024, Siku ya Wanawake Duniani, wakati kina mama wa Chunya wako kwenye maandamano na sare zao za vitenge, ilitangazwa kutoka Japani kwamba mchoraji Akira Toriyama amefariki dunia. Kumbe alifariki tangu Machi 1, akiwa na umri wa miaka 68. Usiku wa Machi 10 mzee mwenzake, Hayao Miyazaki, akapata tuzo ya Oscar huko Marekani kwa filamu ya The Boy and the Heron. Hapa Makongolosi habari ya pili haikumshughulisha mtu. Ya kwanza ilikuwa msiba. Kwa vinyozi na kwenye mabanda ya video vijana walimlilia baba wa Dragon Ball utadhani amezikwa Mkwajuni.

Wasomaji waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua tayari tofauti ya shonen, katuni za wavulana, na shojo, katuni za wasichana, kwa hiyo sitarudia. Ila baada ya sehemu ya tatu nimeulizwa swali moja kwa namna nyingi, na wazazi ndio wanaoliuliza kwa ukali zaidi: kwa nini wasichana wa katuni hizi za Kijapani wanachorwa nusu uchi, na sisi tunawaachia watoto waangalie? Swali ni halali. Lakini naona limeanzia kwenye pindo la nguo, na mtu akianzia hapo huishia hapo.

Nimchukue marehemu mwenyewe. Mwaka 1980 Toriyama alianza Dr. Slump. Alikusudia hadithi iwe ya Senbei Norimaki, fundi mvivu anayebuni mitambo ya ajabu. Mhariri wake, Kazuhiko Torishima, alikataa. Akataka yule roboti wa kike aliyetengenezwa na fundi, Arale, ndiye abebe hadithi. Na Arale akaibeba: katoto ka kike kenye miwani mikubwa kwa sababu hakaoni vizuri, kana kofia yenye mabawa, na siku moja kanaipiga dunia ngumi inapasuka vipande viwili. Hakuna mzazi aliyelalamikia nguo za Arale.

Halafu mwaka 1984 ikaja Dragon Ball. Mtu wa kwanza anayekutana na shujaa wake, Goku, porini ni Bulma, msichana wa miaka 16. Toriyama amemfanyia Bulma mizaha ya kumwaibisha ambayo mimi, kwa umri wangu, siipendi, na sitaitetea. Lakini mwangalie anafanya nini. Rada ya kutafuta yale mawe saba ya joka ameiunda yeye. Bila rada hakuna safari, na bila safari hakuna Goku tunayemjua. Miaka mingi baadaye katika hadithi hiyohiyo, mtambo wa kusafiri katika wakati unaundwa na Bulma. Sasa mgeukie Chi-Chi, mke wa Goku. Ni binti wa mpiganaji, naye mwenyewe aliingia ulingoni kwenye mashindano. Akishaolewa anavishwa nguo za heshima kutoka shingoni hadi miguuni, anaingizwa jikoni, na kazi yake tangu siku hiyo ni kumpigia mtoto kelele asome. Ukipima kwa rula ya nguo, Chi-Chi ndiye mfano mwema. Ukipima kwa kazi, Chi-Chi ameporwa.

Hapo ndipo ninaposimama, na makala nzima ya leo iko hapo. Tangu zamani watazamaji tunagombania sketi ya mwanamke wa katuni, na mara chache sana tunauliza kazi yake katika hadithi ni ipi.

Naomba sasa mnivumilie, maana naingia kwenye habari ninayoipenda kuliko zote. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na tajiri wa reli aliyeitwa Ichizo Kobayashi. Reli yake iliishia Takarazuka, mji mdogo wenye chemchemi za maji moto, si mbali na Osaka. Tatizo lake lilikuwa abiria: nani apande treni kwenda mwisho wa reli? Mwaka 1913 akakusanya wasichana, akawafundisha kuimba na kucheza, na mwaka uliofuata wakafanya onyesho lao la kwanza katika ukumbi uliokuwa bwawa la kuogelea la ndani, likafunikwa na kufanywa jukwaa. Watu wakajaa. Kikundi kipo mpaka leo, na sharti lake halijabadilika: kila anayepanda jukwaani ni mwanamke. Mfalme ni mwanamke, askari ni mwanamke, bwana harusi ni mwanamke aliyekata nywele na kujifunza kutembea kwa kupanua mabega. Na mashabiki wake wakubwa ni wanawake vilevile.

Katika mji huohuo alilelewa Osamu Tezuka, aliyezaliwa mwaka 1928, yule niliyemweleza kwa kirefu katika sehemu ya pili. Mama yake alikuwa mpenzi wa maonyesho hayo na alimpeleka mtoto. Mtoto akakaa akitazama wanawake wenye mapanga. Mwaka 1953, akiwa mchoraji maarufu, akatoa Ribon no Kishi, hadithi ya binti mfalme Sapphire anayelelewa kama mvulana, kwa kuwa sheria ya nchi yao haimruhusu mwanamke kurithi kiti. Wanyakyusa, Wasafwa na Wahehe wanaosoma gazeti hili sina haja ya kuwafafanulia habari ya binti na urithi. Sapphire amezaliwa na mioyo miwili, wa kike na wa kiume. Tezuka alifungua mlango mkubwa, lakini aliufungua nusu: ushujaa wa upanga aliuhesabu kuwa mali ya ule moyo wa kiume.

Nusu iliyobaki ilifunguliwa na wanawake wenyewe. Kwa miaka mingi katuni za wasichana wa Kijapani zilichorwa zaidi na wanaume. Miaka ya 1970 likaja kundi la wanawake waliozaliwa karibu na mwaka 1949, Moto Hagio akiwa miongoni mwao, wakashika kalamu. Riyoko Ikeda, wa rika hilohilo, mwaka 1972 alianza hadithi ya malkia Marie Antoinette wa Ufaransa. Malkia ndiye aliyekusudiwa kuwa mhusika mkuu. Ila wasomaji wasichana walimpenda zaidi Oscar, mwanamke mwenye sare ya kijeshi anayeongoza walinzi wa malkia, na mchoraji akawafuata. Oscar anawaacha wakubwa, anajiunga na wananchi, na anakufa Bastille inapovamiwa. Hapo mashabiki walichagua mhusika kwa kazi yake, na waliochagua walikuwa watoto wa shule.

Nirudi nyuma kidogo, mwaka 1968, kwa sababu mwaka huo unatuhusu. Julai mwaka huo lilitoka toleo la kwanza la Shonen Jump, jarida ambalo baadaye lilileta Dragon Ball, Naruto na nyingi nyingine. Mchoraji wake mmoja wa mwanzo, Go Nagai, alichora Harenchi Gakuen, hadithi ya shule isiyo na adabu ambamo wavulana wanawafunua wasichana sketi. Watoto wakaanza kuiga mashuleni. Vyama vya wazazi na walimu vikaja juu. Nagai naye, kwa ukorofi wake, akachora vita ambamo wazazi wanaivamia ile shule na kuua wanafunzi na walimu.

Na sisi? Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana jijini Dar es Salaam. Kuanzia Januari 1, 1969, minisketi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana vipigwe marufuku. Hata kabla tarehe haijafika, vijana waliwavamia wanawake Kariakoo kwenye kituo cha mabasi kwa sababu ya mavazi yao, na polisi wakaitwa. Magazeti yakajaa barua. Wengine waliandika kwamba utamaduni unaokolewa, wengine wakauliza suti na tai za wanaume zimetoka kijiji gani cha Tanganyika. Mimi ningempa nishani aliyeuliza swali hilo.

Kwa hiyo mwaka mmoja, kwenye bahari mbili tofauti, mataifa mawili yalikuwa yanapiga kelele juu ya kitambaa kilekile. Wajapani waligombania sketi ya karatasi. Sisi tuligombania sketi ya mtu aliye hai, tena kwa mikono.

Wachoraji wetu walikuwa wapi? Walikuwapo. Christian Gregory alikuwa na Chakubanga wake katika gazeti la Uhuru. Katika katuni za magazeti za zama zile msichana wa mjini alikuwa na wigi, kisketi na viatu virefu, na kazi yake ilikuwa moja, kumkamua mwanamume aliyeshuka na basi kutoka shamba. Likaja jarida la Sani la kina Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na kalamu ya ajabu ya Philip Ndunguru. Tulilisoma mpaka kurasa zikalegea. Hebu taja wahusika wake: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Komredi Kipepe, Pimbi, Madenge. Sasa taja haraka mwanamke mmoja. Walikuwamo, na umbo la baadhi yao lilichorwa kwa bidii kubwa kuliko nyuso zao, lakini majina hayakutukaa kichwani kwa sababu hawakupewa la kufanya zaidi ya kupita na kutazamwa. Anayemnyooshea kidole Mjapani afungue kwanza sanduku lake mwenyewe la magazeti ya zamani.

Na kama lingekuwapo hilo sanduku! Nimeshasema na nitasema tena: magazeti yale yanaozea kwenye makabati ya watu, mengine yalishafungia karanga na vitumbua zamani, na watoto wetu wanamaliza darasa la saba hawajakaa hata muhula mmoja kujifunza kuchora mkono wa binadamu. Halafu tunashangaa kwamba shujaa wao anatoka Tokyo. Wazambia, hapo tu ng'ambo ya Tunduma, hawakushangaa. Malenga Mulendema alibuni Supa Team 4, wasichana wa Lusaka wanaookoa jiji lao, na tangu Julai 2023 inaonyeshwa Netflix. Dar es Salaam kuna Ubongo, waliomleta Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro, ambaye kazi yake ni kujua mambo. Mtoto wa jirani yangu amejifunza herufi kwa Akili. Ila akifika darasa la tano Akili anakuwa mdogo kwake, na mbele yake hakuna wa kwetu wa kumpokea, basi anahamia kwa Naruto kwenye flashi ya kaka yake.

Kuhusu hao vijana na flashi zao. Ubishi mkubwa katika mabanda ya hapa ni Sakura wa Naruto. Wavulana wanamwita mzigo: analia, anamfuata Sasuke asiyemtaka, wenzake wanapigana yeye anatibu majeraha. Lawama si za uongo. Masashi Kishimoto, mchoraji wake, alimpa Sakura mwalimu mkubwa kuliko wote, Tsunade, mganga mcheza kamari ambaye ni Hokage wa tano, kiongozi wa kijiji kizima. Akampa ngumi inayopasua ardhi. Kisha mara nyingi akamwacha pembeni. Mikasa wa Attack on Titan ana uwezo wa askari mia, na uwezo huo unatumika zaidi kumlinda mvulana mmoja. Nezuko wa Demon Slayer anapigana vizuri, ila sehemu kubwa ya hadithi yuko na kipande cha mwanzi mdomoni, hasemi. Wote watatu wamevaa nguo ambazo mzazi wa kawaida hatazipigia kelele sana. Kumbuka upande wa pili Sailor Moon wa Naoko Takeuchi, mwaka 1991: sketi ni fupi kabisa, lakini wanaobeba vita ni wasichana, na bwana mwenye kofia nyeusi aliye upande wao mara nyingi ndiye anayehitaji kuokolewa.

Wasichana niliowasikiliza hawamwiti Sakura mzigo. Wanamkasirikia mchoraji. Wanasema amepewa nguvu, akanyimwa zamu. Usemi huo umenikaa, kwa kuwa wale wavulana wanaocheka bandani asubuhi wanashuka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimba dhahabu, ambayo mengi hayamruhusu mwanamke kukanyaga, kwa imani kwamba dhahabu itakimbia. Dada zao wako juu: wanagonga mawe, wanabeba viroba kupeleka karasha, wanachota maji ya mialo, wanapika. Chama cha wanawake wachimbaji, TAWOMA, kimekuwapo tangu mwaka 1997 na kina wanachama wenye leseni zao wenyewe, lakini imani ya duara haijasoma katiba yake.

Nafasi imeniishia, na nilikuwa nataka kugusa agizo la bodi ya filamu ya Kenya la mwaka 2017, lililoondoa kwenye ving'amuzi katuni kadhaa, The Legend of Korra ikiwamo, mojawapo ya chache ambazo shujaa wake ni msichana mwenye misuli. Sababu iliyotolewa haikuwa misuli, na hilo linahitaji safu yake. Wiki ijayo nitaanza na Hiromu Arakawa, mwanamke aliyeandika Fullmetal Alchemist baada ya kukulia kwenye zizi la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido. Wafugaji wa Rungwe wasikose.