Trekta Kuukuu Ikigoma, Anza na Waya

Borabu, upande wa Nyamira ambako mashamba ya walowezi yaligawiwa wananchi miaka ya 1960, ardhi bado ina nafasi ya trekta kugeuka, na Massey Ferguson 135 ya dizeli, iliyoanza kuundwa 1964, ingali kazini. Asubuhi ya ukungu ikigoma kuwaka, hukumu hutoka upesi: betri imekufa, stata imeungua, au plagi zimechafuka. Hiyo ya mwisho ni ya kuchekesha, kwa kuwa injini ya dizeli haina plagi za cheche; hewa ikibanwa kwenye silinda hupata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Plagi, koili na pointi ni maradhi ya mzee wake wa petroli, Ferguson TE20. Ya dizeli hudai umeme wa kuizungusha kwa kasi tu, na umeme huo hupotelea njiani mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Stata huvuta mamia ya ampea. Kutu nyembamba kama ganda la kitunguu, kati ya kichwa cha betri na kebo, yatosha kuukaba mkondo huo, ilhali taa zinawaka vizuri kwa kuwa hunywa kidogo. Basi taa si shahidi; mita ya volti ndiyo shahidi. Mmoja azungushe swichi, mwenzake agusishe ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri inayokwenda ethi, yaani mwili wa chuma wa trekta (kwa baadhi ya matrekta ya zamani ya Uingereza ni chanya, si hasi) na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Ikipita nusu volti, ethi ndiyo mgonjwa: fungua bolti ya kebo, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Na kama stata haitoi hata mlio, tazama kwanza gia. Trekta hizi zina swichi ya usalama isiyokubali mpaka gia iwe huru.

Fundi atapinga kwamba betri mpya iliponya trekta ya jirani. Huenda, lakini huwezi kubadilisha betri bila kufungua na kukaza upya vichwa vya kebo, na pengine huko kufungua na kukaza ndiko kulikoponya. Wengine hutegemea mteremko: egesha juu, achilia, iwake. Nyamira haina uhaba wa miteremko, ila trekta ikizimika bondeni kwenye tope, ujanja huo umekwisha. Pingamizi lenye uzito ni moja: stata inazunguka kwa nguvu na injini haiwaki. Hapo waya hazina kosa. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye chujio la dizeli, piga pampu ya mkono, utazame kama kuna mapovu.